Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

KITUO CHA POLISI, HISINGEN, GÖTEBORG
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Stellan Burvall
Umri: miaka 54
Kazi: dereva wa malori ya masafa marefu
Makazi: Göteborg, mzaliwa wa Tallsele, Västerbotten, kaskazini
Mwandikaji: Konstebo Ylva Mårtensson
Tarehe: 14 Novemba 2024

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili timamu na sijanywa kitu zaidi ya kahawa ya kituo hiki, ambayo nayo si kahawa. Shule niliiacha mapema, lakini dunia imenisomesha. Nimeendesha lori mpaka Napoli, mpaka Istanbul, na pale bandari ya Rotterdam niliwahi kuiponya kompyuta iliyowashinda ofisi nzima, kwa kuizima na kuiwasha. Walinipigia makofi. Konstebo amesema hilo halihusiki na kesi. Naomba libaki, maana ndilo lililonifanya niwe fundi wa kompyuta wa ukoo wetu.

Aliyeibiwa, au tuseme aliyenusurika kuibiwa, ni Mama Mkubwa Majken Lidström, miaka 81, dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Anaishi Tallsele peke yake tangu mumewe, Helge, alipofariki mwaka juzi. Kutoka hapa mpaka kwake ni siku nzima barabarani, na siku yenyewe isiwe ya theluji, kwa hiyo namsaidia kwa mbali. Kila Jumanne akishamaliza kahawa ya mchana ananipigia kwa simu ya mezani, anaiweka kwenye spika kando ya kibodi, nami nafungua programu inayonionyesha skrini yake na kuniachia mshale wake niusogeze. Herufi zikivimba kama mabango, nazipunguza. Picha za wajukuu zikipotea, nazitafuta, na huwa ziko kwenye pipa la taka.

Kabla sijaendelea kuna jambo ambalo Konstebo, kwa kuwa ni mtu wa Skåne kule kusini, alikuwa halijui. Kwetu kaskazini hatuna haja ya kusema "ndiyo." Tunavuta pumzi. Unabana midomo, hewa inaingia ghafla, "shup," kama mtu aliyeonja uji wa moto, basi, umekubali. Tangu utoto tumezoea, na kwenye baridi ile mtu anayeachama ovyo anagandisha meno. Konstebo aliniomba nimwonyeshe. Nilipomwonyesha mara ya tatu alinisogezea glasi ya maji.

Mnamo tarehe 12 Novemba, siku ya Jumanne, majira ya saa nane na nusu mchana, nilikuwa nimeegesha lori nje ya mji wa Jönköping, kompyuta mpakato ikiwa imeegemea usukani. Simu ikalia.

"Stellan mwanangu, leo usihangaike sana," akasema Mama Mkubwa. "Mwenzako ameshaingia."

"Mwenzangu nani?"

"Yule kijana wa benki. Kanipigia kwenye simu ya mkononi, naye ana adabu kuliko wewe! Anasema kompyuta inaumwa. Nikamwambia mbona ina daktari wake. Akasema hakuna neno, mtasaidiana."

Nilifungua skrini yake. Mshale ulikuwa ukitembea wenyewe, na mimi sijagusa kitu. Ukurasa wa benki ulikuwa wazi. Konstebo aelewe kilichokuwa humo: humo mna msitu wa Helge. Mama Mkubwa aliuuza baada ya mazishi kwa sababu hakuwa na mtu wa kuutunza, na hiyo ndiyo riziki yake yote mpaka siku atakapomfuata. Nimewahi kuteleza na lori lililojaa mzigo kwenye barafu ya Alpi. Sikuogopa vile.

"Mama Mkubwa, chomoa waya wa kompyuta!"

Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Haya, nimechomoa."

"Mbona bado naiona?"

"Ala! Kumbe nimechomoa mashine ya kahawa."

Nikaurukia mshale. Mimi nafunga ukurasa, yule anaufungua. Mshale ni mmoja, mikono ni miwili, ukawa unatetemeka katikati ya skrini kama nzi kwenye kioo cha dirisha.

"Acheni kugombana kama watoto!" akasema Mama Mkubwa. "Kuna kazi ya kutosha kwa wote!"

Nilipiga kelele kwamba huyo ni mwizi. Lakini Mama Mkubwa ana sikio moja tu linalosikia, na sikio hilo alikuwa amempa yule kijana. Simu ya mkononi aliishika karibu na mdomo, spika ikiwa wazi, kwa hiyo kila neno nililisikia. Sauti ilikuwa ya kijana, Kiswidi chake ni cha mjini, hakina kosa.

"Bibi, sasa hivi simu itakuomba namba zako za siri. Uko tayari?"

Shup.

"Bibi? Upo?"

Shup.

"Samahani bibi, nakusikia vibaya. Unaniruhusu niendelee?"

Shup, shup. Mama Mkubwa akikubali kwa moyo mmoja huvuta mara mbili.

Mshale ukasimama. Kisha sauti ya kijana ikabadilika. Ile adabu ya benki ikamtoka, ikabaki sauti ya mtoto wa watu.

"Bibi, unashindwa kupumua?"

Mama Mkubwa alikuwa anapekua meza akitafuta miwani ili azione hizo namba, na mimi huku napayuka asibonyeze kitu. Ameniambia baadaye alidhani ameulizwa kama ameipata miwani. Akavuta pumzi nyingine, ndefu, ya furaha.

Hapo kwenye skrini ikafunguka karatasi nyeupe, na maneno yakaanza kujiandika:

WEWE MWINGINE. UNAMFAHAMU HUYU BIBI? ANAKUFA. ITA GARI LA WAGONJWA, MIMI SIJUI ANAKAA WAPI

Nilitazama maneno yale. Nikajibu papo hapo, kwa vidole hivi viwili:

TOKA BENKI KWANZA

Akatoka. Sikumfukuza mimi, alifunga ukurasa mwenyewe, na akaandika: NIMETOKA. HARAKA. Nikawapigia benki kwa simu yangu nyingine, wakaifunga akaunti. Halafu nikamwandikia kwamba gari liko njiani. Huo ulikuwa uwongo na nauungama mbele ya sheria, maana sikuita gari lolote.

Konstebo ameniuliza kwa nini wakati huo sikumkatia mtuhumiwa mawasiliano. Nimejibu kwamba nilikuwa nasikiliza. Maana yule kijana hakukata simu.

"Bibi, usilale. Zungumza nami. Mumeo anaitwa nani?"

"Helge. Lakini ameshakufa, bwana."

"Pole. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama Mkubwa akasema Helge alikuwa mbishi, na akicheza karata ni mwizi mkubwa. Halafu akasema kwamba kila asubuhi ya baridi Helge alitoka nje kukwangua barafu kwenye vioo vya gari la mkewe. Macho ya mkewe yalipoharibika na akalazimika kurudisha leseni, gari halikwenda tena popote, lakini Helge aliendelea kutoka kila asubuhi na kukwangua.

"Nikamuuliza, mzee, unakwangua nini na siendeshi? Akaniambia, je, ukibadili mawazo?"

Nilisikia yule kijana anapumua. Baadaye akasema, "Endelea, bibi. Gari linakaribia."

"Gari gani?" akauliza Mama Mkubwa. "Unakuja? Basi njoo, nitaoka maandazi ya mdalasini. Ila kahawa isubiri, kuna mtu kachomoa mashine."

Simu ikakatika. Kwenye ile karatasi nyeupe kulibaki neno moja: SAMAHANI. Mshale ukarudi kuwa wangu peke yangu.

Nilimweleza Mama Mkubwa ukweli wote, polepole, kwenye lile sikio linalosikia. Akasema, "Mwizi, sawa. Lakini ndiye aliyeuliza habari za Helge."

Konstebo amesema nazungumza kama wakili wa mtuhumiwa. Sivyo. Alikuja kuuchukua msitu wa mjane, na akikamatwa afungwe, mimi mwenyewe nitapeleka mlango wa jela kwa lori langu. Ila naomba lile la kutokata simu liandikwe kwa ukubwa uleule wa lile la wizi.

Asubuhi ya leo, mbele yangu, Konstebo alimpigia Mama Mkubwa kumuuliza kama anataka kesi iendelee. Ikasikika: shup. Konstebo akanitazama, nikamwambia huyo amekubali. Kisha Mama Mkubwa akaongeza kwa maneno, jambo ambalo kwake ni nadra:

"Mkimpata, kabla hamjamuuliza chochote, mwambieni sikufa."

Niliyoyaona kwa skrini na kuyasikia kwa simu yameishia hapo. Mengine ni ya mahakama.

Sahihi ya shahidi: S. Burvall

Dokezo la mwandikaji: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti. Alipinga neno moja. Niliandika kwamba mtuhumiwa alimhoji bibi, yeye akataka iwe alimkeshea. Nilimweleza kwamba ilikuwa mchana. Akasema anajua. Neno nimeliacha wazi kwa mkubwa wangu. Nilipofika kwenye ujumbe wa Bi. Lidström kwa mtuhumiwa, shahidi aliomba kutoka nje, akarudi baada ya muda. Nilimuuliza kama yote aliyosema ni kweli. Hakutamka neno, alivuta pumzi. Nimeandika: ndiyo.

Konst. Y. Mårtensson