Seli Haina Macho, Mtani

Mtani wangu Asha,

Gazeti letu liliandika kwamba umefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Uongo. Uliugua mwaka mzima na zaidi, na uliniomba nisiiruhusu sentensi hiyo. Iliponyoka nikiwa msibani kwako, huko Kinole.

Huko nako walisema umerogwa. Mjomba wako alimtaja bibi wa nyumba ya pili, yule aliyekuwa akikuletea mdalasini, na vijana wakaanza kumkodolea macho. Nikatumia haki yangu. Mnyamwezi ni mtani wa Mluguru, na msibani mtani hakatazwi neno. Jeneza lilipoinuliwa nikasimama njiani.

"Waluguru nyie, mnamwogopa bibi kizee kuliko ukimwi! Asha kaniambia mwenyewe. Hapiti mtu hapa mpaka mjomba autaje."

"Mnyamwezi, mdomo wako mchafu," akasema mjomba.

"Mchafu, lakini hauongopi. Taja."

Akautaja, kwa sauti ndogo. Nikapisha. Bibi yule akarudi kukaa mkekani na wanawake wenzake.

Nakumbuka maabara yako pale mjini, mwaka kiwanda cha nguo kilipopunguza watu. Nilikuletea makala yangu. Nilikuwa nimeandika kwamba seli nyeupe "huona" kijidudu. Ukaikata kwa kalamu nyekundu: "Seli haina macho, mtani. Inapapasa."

Ukanieleza. Juu yake kuna vipokezi. Kimoja kikishikana na kipande cha kijidudu kinacholingana nacho, habari inaingia ndani: protini moja inaamsha nyingine, nayo inaamsha ya tatu, hadi kwenye kiini. Hapo seli inaanza kuzaana ili ipigane. "Kiwandani wamepunguzwa," ukasema, "huku hajapunguzwa mtu." Tulicheka. Hukucheka uliponiambia kwamba virusi ulivyonavyo huingia kwenye seli hizo hizo.

Baadaye niliiongezea makala ile habari yako na ya ukimwi, na mhariri wangu akaikalia. Sasa kuna magazeti ya watu binafsi, na moja limeikubali, mradi niondoe jina lako na la ugonjwa. Nimekataa. Uliniruhusu yote mawili, kwa mwandiko wako. Wakiikataa nitaipeleka kwingine, na kwingine tena.

Pumzika, Mluguru mbishi. Itatoka, nakuahidi. "Huona" nimelifuta. "Ukimwi" silifuti.