Baba Zaituni, Tumeweka Sentetiki

Baba Zaituni,

Ni mimi, mkeo. Mkono unaoandika ni wa Zaituni, mdomo ni wangu, kwa hiyo ukiona maneno yamekuwa mengi usimlaumu mtoto. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinirekebishe. Tayari ananirekebisha.

Sasa sikia. Kaa vizuri. Yewe, wewe umelala, lala vizuri basi. Pikipiki yako tumeiwekea oili ya sentetiki. Ndiyo, ile ile uliyoikataa mpaka kitanda cha mauti. Na haijafa! Inapanda mlima wa Kibagabaga na abiria mnene nyuma, hainung'uniki. Usikasirike kwanza, ngoja nianzie mbali.

Nyumba iko sawa. Batsinda watu wameongezeka, sijui hata majina. Avoka yako imezaa, zile zinazoangukia kwa jirani anaokota, nimemwachia. Ulivyoondoka sina tena nguvu ya kugombania avoka.

Pikipiki alichukua Zaituni. Motari mwanamke, anabeba abiria kama ulivyobeba wewe, kituoni walimcheka wiki moja, halafu wakaona anavyokata kona, wakaacha. Na ameitunza kama ulivyomwapisha. Ulimshika mkono ukasema, "Oili ya kawaida tu. Sentetiki ya Sefu usiilete hata karibu." Akaapa, akafuata. Lakini injini imezeeka, disi, maskini, kama mimi. Asubuhi inakohoa. Mchana mlimani inachemka mpaka anasimama kando ipoe, abiria anashuka anapanda ya mwingine. Akimwaga oili inatoka nyeusi kama masizi ya sufuria, na hata haijakaa. Sefu akamwambia pale gareji kwake, "Mwanangu, injini inayopanda milima kutwa, oili ya kawaida inaichokea upesi. Tia sentetiki ya pikipiki, na mimi nikubadilishie mipira iliyochoka isivuje." Zaituni anajibu, "Baba aliniapisha." Basi, Sefu anarudi kwenye spana zake.

Mwezi uliopita akaingia, akavua kofia ya pikipiki, akaiweka mezani juu ya mchele niliokuwa nachambua. "Mama, nitaiuza kabla haijanifia njiani."

Pikipiki yako, iliyotulisha sote! Na mimi nilikuwa najua kitu.

Baba Zaituni, Sefu hakukudanganya. Ni mimi.

Unakumbuka ile Jumamosi ya umuganda? Vidanji ulikuwa unafanya siku hiyo siku zote, unamwaga oili ya zamani unatia mpya, kwa sababu abiria hakuna mpaka kazi ya mtaa iishe. Tulirudi, wewe na jembe begani, matope mpaka magotini, tulikuwa tumechimba ule mtaro wa juu, na yule mkubwa wa mtaa alihutubia mpaka jua likatuchoma. Yule anapenda kuongea kuliko mimi. Zaituni anacheka, anasema hakuna mtu wa kuongea kunizidi. Andika! Ukamwaga oili kwenye beseni langu la kuoshea mboga, hilo sijasahau. Ukaita, "Mama Zaituni, lete ile sentetiki aliyonipa Sefu nijaribu, chupa iko chini ya kitanda."

Chini ya kitanda zilikuwa mbili. Ya pili aliiacha jirani dereva wa teksi, oili ya gari lake, tumtunzie. Mi nikavuta iliyogusa mkono kwanza. Wewe mikono matope, miwani ndani, ukamimina.

Jumatatu kwenye mlima pikipiki ikawa inalia tu, gia imeingia lakini haivuti. Oili ya gari imelainisha ambreyaji, sahani zile za kushikana zinateleza. Hayo nimeelezwa juzi, wakati ule nani alijua? Muuguzi uliyembeba akapanda kwa miguu mpaka hospitali, viatu mkononi. Ukaenda gareji, ukamwambia Sefu mbele ya wamotari wote, "Umenipa sumu!" Sefu, mtu mliyekula sahani moja tangu ujana. Hamkusalimiana tena.

Siku ya nne jirani akaja kuchukua chupa yake. Nikainama, nikaitoa iliyobaki. Iko na picha ya pikipiki.

Mi kusoma sijui, lakini pikipiki naijua.

Jirani nikamwambia yake imemwagika, Mungu anisamehe. Ile ya Sefu nikaifunga ndani ya kanga za harusi yangu, chini kabisa ya sanduku. Nikasema kesho nitamwambia. Lakini ulikuwa umeshapiga kelele sana. Na niliona aibu. Hukuwahi kunicheka kwa kutosoma, hata siku moja, nakushukuru. Niliogopa hiyo itakuwa ya kwanza. Kesho, kesho, ikawa miaka. Halafu ukafa. Jeneza likitoka mlangoni, aliyeshika mbele ni Sefu. Nikageuza uso.

Kwa hiyo Zaituni aliposema atauza, nilifungua sanduku, nikafungua kanga, nikapanda nyuma yake na chupa kifuani kama mtoto mchanga. Twende kwa Sefu. Nikasema yote, nimesimama, hata kiti sikutaka.

Sefu akaigeuza, akafuta vumbi. "Shemeji, hii ndiyo niliyompa mkononi." Akakaa kwenye tairi. Nikangoja matusi. Mara akacheka, cheko lake lile la kukohoa, halafu akafuta macho na kitambaa cha oili, uso wote ukawa mweusi. Akasema, "Mzee huyu ningemcheka mwaka mzima, na yeye angecheka. Umeninyima, shemeji."

Hiyo iliniuma. Afadhali angenitukana.

Zaituni akauliza, "Na kiapo?" Nikamwambia, kiapo kimesimama juu ya kosa langu, kivunje, kwa baba yako nitajibu mimi. Ndiyo hivi najibu.

Chupa ya zamani Sefu hakutaka kuimimina, imekaa miaka mingi. Ameiweka juu ya rafu, hataki mtu aiguse. Akabadilisha mipira, akatia sentetiki mpya, ya pikipiki, safari hii tumeiangalia ile picha watu watatu. Akawasha. Ikaitika mara moja, polepole, bila kile kikohozi. Nikajikuta nimekaa kwenye kile kiti nilichokataa.

Tangu siku ile mwili wangu mwepesi, Baba Zaituni. Nakula. Kanga za harusi nimezifua, zilikuwa zinanuka oili, nazivaa hata sokoni. Ijumaa Sefu alikuja kaburini kwako peke yake. Alichokuambia hakutuambia, na mi sikuuliza, unaona nimebadilika.

Haya, Zaituni anasema mkono umechoka. Nisamehe, mzee wangu, na usichelewe kama nilivyochelewa mimi. Mungu akulaze pazuri. Ninakuahidi, kila umuganda ukiisha na vidanji ikishafanywa, tutakuja kukusalimia watatu, mimi na Zaituni, na Sefu nyuma na pikipiki yake. Lakini usitegee sikio ile kelele ya zamani. Siku hizi pikipiki yako inakuja kimya. Utashtuka tumeshafika.