Mume Wangu Anameza Nusu ya Dawa Yangu ya Uzazi

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na aibu, na nikiwa na furaha pia, nakuomba unisaidie mapema kwa sababu wiki ijayo natakiwa kuanza dozi mpya na sijui niimeze vipi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi pamoja na wenzangu wawili katika chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na mume wangu ni mpaka rangi wa nyumba, na huu ni mwaka wa tano wa ndoa yetu hatujapata mtoto. Siku zangu huja zinapotaka, mara baada ya miezi miwili, mara minne, na kidevuni huniota vinywele ambavyo huving'oa kila asubuhi kwenye kioo cha wateja kabla hawajaingia, na kwa muda mrefu nilidhani ndivyo nilivyoumbwa, mpaka daktari wa kina mama aliponipima kwa ultrasaundi akanionyesha vifuko vidogo vidogo vimejipanga pembeni mwa ovari kama shanga ninazozitia kwenye ukosi wa gauni, akaniambia mayai ninayo tele ila hayapevuki, na kwamba wanawake wengi wana hali hiyo, na kwamba dawa ipo. Mshauri, nilitoka pale nikitembea kama bibi harusi mwenyewe.

Daktari alinipa vidonge vya kuleta hedhi, kisha vidonge vya kupevusha mayai, kimoja kila siku kwa siku tano. Asubuhi ya kwanza nilikiweka kidonge kwenye kisahani karibu na chai, na mume wangu akakitazama. Lazima nikueleze kwamba miaka yote hiyo mume wangu alikuwa akisikia neno mtoto anainuka anakwenda kuosha brashi zake, hata kama ni safi, hata kama ameshaziosha mara mbili siku hiyo. Lakini asubuhi ile hakuinuka. Akaniuliza, "Mtoto tunayemtafuta ni wa nani?"

Nikamwambia, "Wetu."

"Basi dawa ni ya nani?"

Akasema, "Haiwezekani tumtafute wawili, halafu dawa chungu umeze peke yako kama yatima. Kata." Nami, mshauri, machozi yalinilengalenga, nikachukua wembe ninaofumulia mishono nikakikata katikati, na mkono wangu haukosei, nusu yake nusu yangu, tukagonganisha vikombe vya chai tukameza. Tangu siku ile amekuwa mtu mwingine, anaimba akivaa ovaroli, jioni tunatembea pamoja kama daktari alivyoagiza, soda ameacha ili mimi nisitamani, na ameanza kuongea kuhusu mtoto, yeye mwenyewe, bila kuulizwa, ameshachagua hata rangi ya chumba. Siku moja alipata kizunguzungu juu ya ngazi akashuka, akanipigia simu kwa furaha, "Mke wangu, inafanya kazi! Kichwa kinazunguka!"

Tumefanya hivyo mara tatu, mizunguko mitatu. Kila mara nikirudi kupimwa daktari anatikisa kichwa, mayai bado ni madogo. Mara ya mwisho aliniuliza, "Mama, unameza kama nilivyokuagiza?" Nikasema, "Ndiyo, daktari, kila siku." Akasema, "Basi mwili wako ni mkaidi, tutapandisha," akaniandikia vidonge viwili kwa siku. Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu, na unajua alisema nini? "Afadhali! Sasa kila mtu anapata kizima."

Kazini nilimwambia mwenzangu mmoja tu, yule mama anayetia vifungo, akacheka mpaka akaegemea meza ya kukatia, akasema, "Shoga yangu, huyo bwana akipata mimba yeye, gauni lake nitamshonea mimi, bure." Mimi nilicheka naye, lakini baadaye niliogopa. Nikimwambia mume wangu kwamba nusu yake haisaidii kitu, naona kabisa atarudi kwenye brashi zake na kimya chake. Nikimwambia daktari, ataniona mjinga na mwongo. Tena najiuliza, kama sasa vidonge ni viwili, na kila mmoja akimeza chake, si nitakuwa napata kile kimoja cha awali, na hakuna atakayejua, na hakuna atakayeumia? Niambie, mama, au baba, sijui wewe ni nani, lakini niambie.

Ni mimi, Fundi wa Magauni

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nilifika pale mlipogonganisha vikombe nikalazimika kuvua miwani na kuifuta. Una mume anayekupenda, na hilo nalisema kwanza kwa sababu yanayofuata ni makali.

Umemdanganya daktari. Alikuuliza swali moja, la wazi, ukampa jibu la uongo huku ukimtazama usoni. Yeye akapandisha dozi kwa kuamini jibu hilo. Wewe hupunguzi kitambaa cha mteja kisha ukalaumu vipimo. Mbona umefanya hivyo kwenye mwili wako? Hesabu yako ya "hakuna atakayejua" ifute kichwani leo. Siku mumeo akisafiri au akichoka na dawa, utameza viwili mara ya kwanza, na hakuna ajuaye mwili wako utafanya nini. Dawa ya namna hii ikizidi inaweza kupevusha mayai mengi kwa pamoja, na hapo chumba kimoja cha kupaka rangi hakitatosha. Ndiyo maana daktari hupanda ngazi hii polepole na kwa kupima kila mara. Ndiyo maana pia anahitaji kuujua ukweli.

Kuhusu mumeo: aache, kuanzia leo. Hana ovari. Dawa hiyo huchezea homoni, na yeye hakupimwa wala hakuandikiwa. Mpaka rangi mwenye kizunguzungu juu ya ngazi si jambo la kupigiwa simu ya furaha. Amweleze daktari idadi ya nusu alizomeza, ili naye aangaliwe.

Unaogopa kwamba ukimnyang'anya nusu yake atarudi kwenye kimya. Hapo ndipo nakushangaa, maana umeandika barua ndefu, umenieleza ukosi, shanga na soda, lakini sijaona popote ulipoandika kwamba mumeo amepimwa. Miaka mitano! Mwanamume anayetaka sehemu yake katika kutafuta mtoto anayo, tena inamngoja: akapime mbegu zake. Ni kipimo rahisi, hakiumi, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukifanya kwa niaba yake. Mwambie hivyo hivyo. Usimwambie, "Nusu yako haina maana." Mwambie, "Hii ni yangu, ile ni yako." Mtu aliyekubali kumeza dawa ya mayai ili usiwe yatima hatashindwa na kikopo cha maabara. Na yale matembezi ya jioni msiyaache hata siku moja. Mwanamke mwenye hali kama yako husaidiwa sana na miguu yake, na mwenye kuandamana naye humsaidia zaidi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wewe mwenyewe hujaliona, kwa sababu ulikuwa na shughuli ya kuona aibu. Unaniandikia kana kwamba dawa imekushinda mara tatu. Haijakushinda hata mara moja. Hujaimeza nzima. Mwili wako si mkaidi; umesingiziwa. Miezi hii mitatu haihesabiki, Fundi, na mlango uliodhani umeanza kufungwa bado haujasukumwa. Wanawake wengi wenye ovari kama zako hupevusha yai kwa dozi ile ile ya kwanza, ikimezwa nzima. Sikuahidi mtoto, ahadi hiyo haitoki kwa mshauri wa gazetini. Lakini nafasi ambayo uliambiwa unayo siku ile ulipotoka kama bibi harusi, unayo bado, haijaguswa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimeze kidonge chochote cha dozi mpya. Piga simu kliniki, uombe kuonana na daktari kabla ya wiki ijayo, na mwende wawili. Wewe sema kwamba ulidanganya na uombe radhi. Mumeo naye aeleze kisa cha nusu kwa kinywa chake mwenyewe, na aombe barua ya kwenda maabara papo hapo, kabla hajapata muda wa kukumbuka brashi. Daktari huenda akacheka. Mwacheni acheke, ana haki hiyo. Akimaliza ataandika dozi yako.

Imeze yote.