Chai Jikoni Mwangu

Mpendwa mdogo wangu Luyolo,

Huku Khayelitsha mvua haijakatika, kibanda kinavuja upande wa kitanda cha Mama, na kikohozi chake kimezidi. Anakusalimu wewe na wenzako wa mgodini.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya nyumba za serikali. Baada ya kungoja nyumba yangu miaka ishirini na miwili, karani akaniambia, "Mama, mbona ulishapewa? Jina lako hili hapa." Nikaenda kuitazama, nikitembea kama niliye usingizini. Kuta za manjano, dirisha linatazama mlima. Ndiyo ile ninayoiota.

Nikabisha hodi, akafungua binti mjamzito, Nosipho. Diwani alimuuzia kwa siri, naye hakujua kuwa ni yangu. Akanichemshia chai jikoni mwangu.

"MaRadebe," akaniita kwa jina la ukoo wetu, "ukinitoa, nikazalie wapi?"

"Sebuleni kwa diwani!"

Tukacheka mpaka akalia.

Wakili anasema nikimshtaki Nosipho, mimi na Mama tutahamia humo kabla ya Krismasi. Nimekataa. Katiba imetuahidi makazi sote, halafu serikali inatugombanisha maskini wawili kwa ufunguo mmoja! Nitaishtaki hiyo serikali, kwa majina yetu sote wawili, mpaka ijenge nyumba ya pili. Itachukua miaka.

Mama nimemwambia habari ya nyumba, si ya Nosipho. Kila jioni ananiomba nimtembeze humo kwa maneno. Namfungulia mlango, namwonyesha jiko, kisha mlima dirishani. Husinzia kabla hatujafika chumbani kwake.

Ni mimi dada yako,
Vuyelwa