Usiyapike Maharage ya Gunia la Uzi wa Bluu

Nsemulwa,
Mpanda.
15 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Odeta,

Shikamoo. Nakuomba barua hii uisome ukiwa peke yako, na lolote lililomo lisikutoke mdomoni. Ila kabla ya yote: maharage tuliyokutumia kwa treni, yale ya gunia lililoshonwa kwa uzi wa bluu, usiyapike. Kama yako jikoni, yatoe sasa hivi, kisha urudi usome.

U hali gani, na goti lako je? Simu yako haipatikani tangu Ijumaa, ndiyo maana nimempa barua jirani yetu Malale, anayekuja huko Kaliua. Mimi mwili ni mzima, moyo sivyo.

Kaka yako, baba yangu, amelazwa. Usilie bado. Tangu jana anapumua vizuri.

Unajua Mama huchanganya maharage na majivu ili fukusi wasiyale. Mwaka huu nilimcheka. Kwenye ghala la pembejeo ninapofanya ukarani, dumu moja la dawa ya pamba lilipasuka. Niliandika kwamba imeteketezwa yote, kumbe iliyobaki niliimimina kwenye chupa ya maji nikaipeleka nyumbani kwa wazazi, Kasokola. Mama aliinusa, akakunja uso.

"Arcade, hii kitu si ya kuweka kwenye chakula."

"Inaua wadudu, Mama, haiui watu. Majivu ni mambo ya zamani."

"Haya baba, wewe ndiye uliyesoma."

Tukanyunyiza, tukaanika, tukajaza magunia mawili: lao, na lako la kila mavuno.

Ijumaa Mama alikuwa kwaya. Baba alikula makande ya maharage hayo peke yake. Nilimkuta amelowa jasho, mate yanamtoka, misuli ya mashavu inamchezacheza, mboni za macho ndogo kama tundu la sindano. Tulimkimbiza mjini kwa bajaji.

Daktari, anaitwa Vestina, aliuliza, "Mzee amekula nini?" Nilihesabu vigae vya sakafu huku baba yangu akikoroma. Aliponishika bega ndipo nikasema. Wakamchoma sindano, na nyingine, na nyingine.

Baadaye alinieleza, na maneno yake hayaniachi. Mishipa ya fahamu haigusani. Kati ya mmoja na wa pili kuna upenyo mwembamba kuliko unywele. Wa kwanza ukitaka kusema, unamwaga kemikali kidogo. Inavuka, inaugusa wa pili, nao unaamka. Vivyo hivyo mshipa unapouamuru msuli. Halafu kuna kimeng'enya kinachoifuta mara moja ile kemikali, ili kuwe kimya tena. Dawa yangu inakifunga hicho kimeng'enya. Neno likishavuka halifutiki. Msuli unaambiwa kaza, kaza, kaza, mpaka unachoka kabisa, hata ule wa kuvutia pumzi.

Ninapoandika, kope yangu ya kushoto inacheza. Sijui kama ni woga au ni ile dawa niliyoshika kwa mikono mitupu.

Mama anadhani kosa ni lake, kwamba hakuyaosha vizuri. Sijamwambia kuwa kwenye dumu palikuwa na alama ya fuvu, na niliiona. Ghalani wakijua nitafungwa.

Hayo maharage yafukie mbali na kisima, shimo la kina. Kuku wasiguse. Gunia pia. Nawa kwa sabuni.

Wasalimie watoto, Prisila na mdogo wake Kija. Mungu awafunike nyote mpaka Malale afike hapo mlangoni.

Ukishafukia, piga kwenye simu ya duka la Kauthar, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Sema tu, "Mwambie Arcade gunia limefika." Nitaelewa, nitalala. Lakini kama kuna aliyekwisha kula, usinitafute mimi kwanza. Mpeleke hospitali, umwonyeshe daktari barua hii yote, pamoja na jina langu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa hofu,
Arcade