Koti la Herbeti

Kijiji cha Igurusi,
Usangu, Mbeya.
9 Julai 1977

Mpendwa Kaka Ndalahwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, wewe na wifi Roza na watoto. Huku tupo. Mpunga tumevuna, ng'ombe wana majani, ila baridi ya mwaka huu haina huruma, na kifua cha Baba kimemsumbua tangu Mei. Usishtuke, sasa ana nafuu. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, wa darasa la watu wazima, kwa hiyo makosa uyavumilie.

Kaka, nina jambo limenichanganya, na hapa sina wa kumwuliza.

Mwezi uliopita nilipanda lori na mchele wangu hadi Mwanjelwa, mjini Mbeya, kumtafutia Baba nguo nzito. Madukani kulikuwa na khanga na kaptula za kaki tu. Ndipo nikamwona mama mmoja Mnyakyusa, jina lake Tusajigwe, ametandika juu ya gunia nguo zilizokwisha kuvaliwa, zimeingia kwa njia ya mpakani Tunduma. Nikapata koti la sufu la buluu, zito kama blanketi, limepungukiwa kifungo kimoja tu. Nikampa mchele, akanipa koti. Nyumbani nikalifua kwa maji ya moto na kulianika siku mbili.

Baba alilipenda mno. Hata zizini alikwenda nalo, na kikohozi kikapungua.

Wiki ya pili jirani yetu Jailos akalishika ukosi akasema hizi ndizo nguo zinazoitwa kafa Ulaya, kwamba mwenyewe amekufa huko ndiyo maana limefika huku. Alitania tu. Baba hakucheka. Alilivua, akalitundika kwenye miiba ya boma, akaingia ndani na shati lake.

Siku tatu koti lilikaa pale na Baba anakohoa. Mama alimsihi, akamwambia ng'ombe akifa hatutupi ngozi yake, mbona nguo nzima hivi itupwe kwa kuwa aliyeivaa hayupo? Baba akajibu kuwa haogopi maiti. Kisha akanigeukia mimi.

"Mbuke, kwetu nguo za marehemu wanagawana ndugu zake, matanga yakiisha. Mtu huyu simjui, wala sikumlilia. Nitavaaje urithi wake?"

Akauliza kama koti lina jina. Ndani ya ukosi kuna kitambaa kidogo chenye herufi, nyingine zimefutika. Nikazisoma moja moja mpaka nikapata Herbeti. Ungeuona uso wa Baba ulivyofunguka, kaka! Akasema mtu mwenye jina anaweza kuliliwa.

Basi Mama akapika pombe, Baba akachinja beberu, na Jumamosi watu wakaja, Wasukuma wenzetu na Wasangu wachache. Baba akasimama akasema tumekutana kwa ajili ya Herbeti aliyetuachia koti, na kwamba hatujui ameacha watoto wangapi. Wengine waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Lakini Severina, yule aliyefiwa na mumewe mwaka huu, akaanza kulia kweli kweli, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja. Hata mimi nililia, na sijui nilikuwa namlilia nani. Watu walipotawanyika Baba akalivaa koti, na hajalivua mpaka leo, na kila anapowaomba mababu humtaja na Herbeti.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini Jumatatu Mwalimu Andendekisye, anayetufundisha kusoma, alikitazama kile kitambaa akaniambia kando kuwa kwa anavyojua yeye, hilo huwa ni jina la fundi au la kiwanda, si la mvaaji. Tena mvaaji mwenyewe huenda yu mzima, kajinunulia jingine tu.

Sasa tulimfanyia nani matanga? Nikimwambia Baba, atalivua, na baridi bado ipo. Nisipomwambia, nimemwacha mzee wangu anataja kiwanda kila anapowaomba mababu, na aliyesoma ni mimi. Nilirudi hadi Mwanjelwa kumwuliza Tusajigwe. Alisema yeye na wanawe wote wanavaa hizo hizo na hajawahi kuuliza za nani. Nikarudi nimechanganyikiwa zaidi.

Jana nilijikaza nikamfuata Baba zizini ili nimwambie. Kabla sijafungua kinywa akaniambia nikuandikie. Nayaweka maneno yake kama alivyoyasema:

"Mwambie Ndalahwa nikifa koti hili ni lake. Ila miaka minne bila kumwona ni mingi. Aje alijaribu nikiwa hai, nione kama linamtosha."

Kisha akageuka kuwatazama ng'ombe. Nami la kwangu sikulisema, nikaja kukuandikia.

Msalimie sana wifi Roza, na mjomba Bujiku mwambie Mama anamkumbuka. Mungu awafunike wote hapo nyumbani, na njia ya kuja huku akufungulie. Kama nimekosea kunyamaza utaniambia wewe mwenyewe, lakini uniambie ukiwa umefika.

Mimi mdogo wako nikupendaye,

Mbuke Nkuba