Wimbo wa Wifi Levina kwenye Albamu Yetu

Virginia, Marekani

Kaka Anselimu, shikamoo. Kifua kimepoa? Na tembo wa Kilimarondo, wameacha shamba la mjomba? Mimi mzima, ila baridi imenipasua midomo. Kazi ni ileile, kufua mashuka ya hospitali. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kulisema hili.

Hapa kazini kuna mzee Dale, fundi wa vitanda. Anapiga gitaa la milimani huku, muziki wanaouita blugrasi: nyuzi tupu, hakuna ngoma wala umeme, vidole vinakimbia. Mwaka mzima tumepiga wawili kila Jumamosi barazani kwake, yeye nyimbo za baba zake, mimi zile ulizonifundisha. Sasa tumerekodi albamu, nyimbo kumi na moja; kumi tumezitunga wenyewe pale barazani.

Wa kumi na moja ni ule uliomtungia marehemu wifi Levina mlipooana Ruangwa. Najua tangu tumzike hujaugusa. Sikupanga, kaka. Nilikuwa nakaza nyuzi za gitaa langu studio, vidole vikaenda vyenyewe. Dale akauingia, lakini mbiombio. Nikamsimamisha.

"Mzee, huyu bibi harusi anatembea. Hakimbii."

Akacheka, tukarudia polepole. Fundi mitambo alipouliza mtunzi, Dale akasema, "Andika sisi wawili, kama zile nyingine."

Nikakataa. Nikasema mtunzi ni kaka yangu, yuko Nachingwea, na sijamwomba ruhusa. Dale akanuna, akatoka nje. Nikajua albamu ndiyo imekufa. Aliporudi alikuwa na karatasi.

"Jina la kaka yako linaandikwaje?"

Kisha akaniambia mkewe naye alishafariki, na kuna wimbo mmoja hajaupiga tena mbele ya mtu. "Muulize kwanza," akasema. "Tutangoja."

Basi nakuuliza. Wimbo nimemtumia mwanao Restituta kwenye simu yake, nimemwambia asiufungue mpaka umwambie. Ukisema ndiyo, jina litakuwa lako peke yako. Ukisema hapana, zitabaki kumi, na moyoni sitaweka kitu.

Nisalimie mama mdogo wa Ruangwa na katekista wetu wa Marambo aliyenivumilia kwenye kwaya. Mfikishie shikamoo mama yake wifi. Naye muulize, kaka, maana aliyeimbwa humo ni mwanawe.

Ni mimi mdogo wako,
Fidea